Oksijeni Nayo ni Chuma

Umeme umekatika Gerezani tangu magharibi.
Misumeno ya jirani imelala,
ila baba, Mwarami Chaurembo, hangoji nguzo ya mtu:
ana mitungi miwili, mpira mwekundu, mpira wa bluu,
na geti la mteja wa Tabata la kukabidhi asubuhi.

Mimi nimekalia debe la rangi,
kompyuta magotini, chaji asilimia kumi na tisa,
nasoma mwanga wa mawingu thelathini na moja ya gesi
katika galaksi moja iliyojisokota
kama ukili kwenye kitako cha kikapu,
ushonaji ukianzia katikati, ukienda nje.

"Unatafuta nini humo, Sikudhani?"
"Metali, baba."
Akainua miwani myeusi. Hilo neno ni lake.
"Chuma? Shaba?"
"Oksijeni."

Alicheka mpaka akakaa chini.
"Miaka thelathini nanunua oksijeni kwa mtungi,
sijaiona hata siku moja imepata kutu!"

Nikamweleza: kwa wasoma nyota
kisichokuwa haidrojeni wala heli
huitwa metali, kikubali kisikubali.
Mwanzo palikuwa na hizo mbili, karibu hizo tu.
Mengine yamepikwa
ndani ya nyota nene zilizoishi kwa pupa, zikapasuka,
zikaacha majivu yao njiani,
wanaokuja nyuma wayaokote, wajengee.

"Skrepa," akasema.

Skrepa, baba. Geti lako hilo
jana lilikuwa bodi ya lori, na kabla ya lori
Hakunisikiliza. Alikuwa anapima moto:
anafungua, anabana, anafungua tena kidogo,
hadi ile ncha ya ndani iwe bluu ya kuumiza.
Hana kipimajoto. Rangi humnong'oneza.

Nami sina kipimajoto.
Nina mstari mmoja wa kijani, mnene,
na mwenzake mwembamba karibu na urujuani,
hafifu, usiku mwingine naambulia chenga tupu.
Nikigawanya huu kwa ule napata joto la wingu
ambalo mwanga wake ulifunga safari
kabla hapajawa na jicho la kuupokea.

"Na oksijeni ikizidi, wingu linapoa."
Hapo akazima mwali.
"Linapoa? Mimi nikiongeza oksijeni chuma kinalia!"
"Kwako inachoma. Kule haina cha kuchoma.
Inapokea joto, inaligeuza mwanga, inautupa nje.
Tena mwanga huo ni mgumu kuutoa hapa duniani:
atomu inataka nusu dakika
bila kugongwa na mtu."
Aliangalia uchochoro, mabati, watu wanaopishana mabega
na tochi za simu midomoni.
"Basi Gerezani tusingeng'aa kamwe."

Nikamgeuzia kioo aone mchoro.
Katikati ya galaksi oksijeni tele,
ukielekea pembeni inapungua, inapungua,
nukta zashuka mteremko.
"Kama maji ya bomba," akasema,
"Kariakoo mpaka Chanika."
Kisha kidole chake, kile kisicho na kucha,
kikasimama ukingoni kabisa.
"Na hizi mbili? Mbona hazishuki na wenzake?"

Sijui, baba.
Labda kuna gesi iliyotupwa huko kutoka ndani,
labda nimepima vibaya.
Mwalimu wangu anasema nukta mbili si hoja,
nizitoe, mstari unyooke.

Hakujibu upesi. Alipitisha gumba
kwenye kiungo cha geti alichokimaliza saa ile,
akakuta tundu dogo la pini,
akatukana taratibu, akachukua waya mwingine.
"Usizipake puti," akasema.

Kompyuta ikazima.
Nikaweka kando, nikavaa glovu zake za zamani,
nikashika bawaba lisitikisike.